Lambrusco: mvinyo mwekundu wenye povu, na vyakula vyake

Ukiishi Modena, mji wa kaskazini mwa Italia, Lambrusco utakutana nayo tu: harusini, kwenye chakula cha Jumapili, hata kantini. Ni mvinyo mwekundu wenye povu, unaonywewa ukiwa wa baridi. Nimeunywa miaka sasa, na kwa chakula chenye mafuta sijapata cha kushushia kinachoufikia. Sharti uchukue ulioandikwa secco.

Neno hilo ndilo la kutafuta kwanza kwenye lebo. Secco haina utamu, amabile ina utamu kiasi, dolce ni tamu kabisa. Lambrusco iliyojaa Marekani miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa tamu na ya bei rahisi, na sifa mbaya iliyotokana nayo haijafutika mpaka leo. Wengi wanaoidharau walionja ile, hawajaonja hii.

Kisha angalia ni Lambrusco ipi, maana ni ukoo mzima wa mizabibu. Ninayoipenda kuliko zote ni Lambrusco di Sorbara, yenye hadhi ya DOC (alama ya Italia inayolinda asili ya mvinyo) tangu 1970. Imepauka, inakaribia rangi ya waridi, na uchachu wake unasisimua meno. Maua ya mzabibu huu hayawezi kujichavusha, kwa hiyo wakulima hupanda Salamino, Lambrusco nyingine, kando yake. Hata hivyo vichala hutoka na mapengo. Grasparossa di Castelvetro, ya vilimani kusini mwa Modena, ni nzito zaidi: hata povu lake ni la zambarau, na ina ukakasi.

Sasa chakula. Wenyeji huanza na gnocco fritto, vipande vya unga wa ngano vinavyokaangwa kwenye mafuta ya nguruwe mpaka vinafura, ndani vitupu kama andazi lililoumuka vizuri. Unakipasua kikiwa cha moto, unaweka mortadella, soseji nene ya nguruwe, iliyokatwa nyembamba, mafuta yake yanaanza kuyeyuka, unakula. Baada ya vipande vitatu mdomo umejaa mafuta. Hapo piga fundo moja la Sorbara baridi: povu na uchachu vinasafisha mdomo wote, na hamu inarudi upya. Emilia, eneo ulipo mji wa Modena, ni nchi ya nguruwe, siagi na jibini. Mvinyo mzito ungekulaza mezani.

Jibini ya Parmigiano-Reggiano iliyokomaa miezi 24 inaenda na zote mbili. Tortellini za kwenye supu, yaani tambi ndogo zilizojazwa nyama, Sorbara. Zampone, mguu wa nguruwe uliojazwa nyama ya kusaga na kuliwa na dengu msimu wa Mwaka Mpya, Grasparossa bila kusita.

Na Watanzania wenzangu: kitimoto! Kile cha kukaanga, na ndizi na ndimu pembeni. Nimekipika hapa nikakishushia na Grasparossa, na wageni hawakuacha kitu. Pilipili tu usizidishe, povu huichochea.

Kasoro zipo. Ukiifungua leo imalize leo, kesho povu limekwisha, umebaki uchachu. Nyingi huchachishwa kwenye matangi yaliyofungwa, lakini zile zinazochachukia chupani mara nyingi zina mashapo. Simamisha chupa kwenye friji usiku kucha, umimine taratibu. Mgahawa mmoja uliniletea ya joto, nusu ikamwagikia mezani na iliyobaki haikunyweka.

Bei inanifurahisha: Sorbara secco nzuri naipata chini ya euro 10. Inywe kwenye nyuzi 10 hadi 12. Grasparossa itoe kwenye friji dakika chache kabla ya kumimina.