Mto wa shingo wenye matuta mawili: pima bega kwanza

Mto huu ni ule wa sponji nzito inayorudi taratibu ukiibonyeza: tuta la sentimita 12 upande mmoja, la 10 upande wa pili, bonde katikati, foronya ya zipu. Wauzaji wanasema unaponya shingo na kichwa. Kuponya hauponyi. Unachofanya ni kuipumzisha shingo usiku, na hilo si dogo, mradi kimo chake kikufae.

Unamfaa zaidi mtu ambaye kichwa chake kinaumizwa na shingo. Maumivu huanzia kisogoni, yakapanda upande mmoja hadi kwenye jicho, na kuzidi akigeuza shingo au akiinamia simu muda mrefu. Mishipa ya fahamu ya pingili tatu za juu za shingo hukutana na ule wa uso pale uti wa mgongo unapoungana na ubongo, ndiyo maana tatizo la shingo husikika jichoni. Kichwa kinachopwita, kichefuchefu na kuchukia mwanga huelekea zaidi kwenye kipandauso. Na maumivu makali ya kichwa yaliyozuka ghafla, shingo ngumu yenye homa, mkono unaokufa ganzi au kuishiwa nguvu, au maumivu baada ya ajali: hayo ni ya hospitali, tena siku hiyohiyo.

Sasa kimo. Kama unalala ubavu, simama bega likigusa ukuta, kichwa kimenyooka, mtu akupimie kutoka pembeni mwa kichwa hadi ukutani. Mto ukishalaliwa ubaki na kimo hicho, au pungufu kidogo kama godoro lako linabonyea. Pua iwe mstari mmoja na katikati ya kifua. Mwenye mabega mapana ataona hata tuta la 12 ni fupi. Kanga iliyokunjwa chini ya mto inatosha kuongeza. Anayelala chali atumie tuta fupi, na kidevu kikisukumwa kifuani ajue mto umezidi. Wa kifudifudi asinunue kabisa.

Kosa linaloonekana sana ni kupandisha mabega juu ya mto. Tuta linakaa kwenye uwazi wa shingo. Mabega yanabaki kwenye godoro.

Joto nalo lina yake. Sponji hii hulainika kwenye joto, kwa hiyo mto uliokuwa imara dukani penye kiyoyozi utadidimia zaidi chumbani Dar au Mombasa. Wa Njombe kwenye baridi wataulalamikia kinyume: mgumu kama gogo hadi mwili uupashe joto.

Tiba yenyewe ni mazoezi. Utafiti wa Australia wa mwaka 2002, wenye watu 200, ulionyesha kwamba wiki sita za mazoezi maalumu au za kunyooshwa shingo kwa mikono ya mtaalamu hupunguza maumivu haya ya kichwa. Lala chali, itikia “ndiyo” kwa kichwa, kidogo tu, shikilia sekunde 10, rudia mara 10. Misuli ya mbele ya shingo ikisimama kama kamba, umetumia nguvu kupita kiasi. Parasetamoli zisifike siku 15 kwa mwezi. Zikizoeleka hivyo miezi kadhaa, zenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa.

Mto mpya hunuka. Uanike kivulini siku moja au mbili. Foronya fua, sponji usiiloweke: ndani haikauki, itaota ukungu.