Fundi wa Langoni anayefunga mfarishi kwa cherehani tupu: nyota nne

Mlioniuliza mfarishi wangu wa leso, lile tandiko la viraka lenye pamba katikati, nimeupeleka wapi kumaliziwa ukingo, ni kwa fundi mmoja hapa Lamu, mtaa wa Langoni, uchochoro unaoingia kutoka Usita wa Mui. Kibao hana, ana cherehani nyeusi ya miguu ya zamani na pasi ya makaa, ulizia tu fundi wa mapazia utaonyeshwa. Nampa nne, ile ya tano nitawaambia imepotelea wapi.

Ishu yenyewe ni ule ukanda wa pembeni. Ukishaunga viraka vyako, ukatia pamba katikati na kitambaa cha chini ukavishona pamoja, ukingo unabaki wazi, nyuzi zinachomoza na pamba inachungulia, kwa hivyo lazima uzungushiwe ukanda. Wengi tumefunzwa hivi: mbele unapiga cherehani, ukishageuza nyuma unamalizia kwa mkono, sindano inapita ndani kwa ndani uzi usionekane. Ni kuzuri, sikatai, na Lamu hii ukisema kitu ni cha mkono watu wanakupa heshima yako, angalia tu bei za kofia. Lakini huu ni mfarishi wa mtoto jamani, unakojolewa, unaburutwa mpaka barazani, unasuguliwa kwa sabuni ya mche kila mara na jua linaumaliza, na mshono wa mkono wenye hatua zilizoachana unaanza kuachia mahali padogo tu alafu mtoto akishapaona anatia kidole hapohapo mpaka kazi iishe.

Huyu mzee anapiga cherehani pande zote mbili, na wallahi ukingo umelala. Nilikaa pale nikamwangalia, hakukasirika, hata kahawa aliniagizia. Kumbe anaanza na nyuma. Ukanda ameukata inchi mbili na nusu, ameukunja katikati kwa urefu akaupiga pasi, kwa hivyo unakuwa wa tabaka mbili, alafu anaushona kwanza upande wa chini wa mfarishi, robo inchi kutoka ukingoni, ndo anaugeuza uje mbele ufunike ule mstari wa kwanza na kuupiga tena hapo mbele, pembeni kabisa mwa mkunjo. Nikamuuliza, ami mbona kinyume? Akaniambia, "Mwanangu, jicho langu liko juu, chini sioni. Upande wa watu kuangalia nauweka juu." Na ndivyo, maana ukianza mbele ukaja kumalizia nyuma, ule mshono wa mwisho unatokeza mbele popote unapotaka, hapa umeingia kwenye ukanda, pale umepanda juu ya viraka, na hapo ndipo watu wanaposema cherehani inaharibu. Yake, nyuma kunaonekana mstari mmoja wa uzi kandokando ya ukanda na basi, mimi hainisumbui.

Kona sasa. Kona nne na zote zina mshazari mkali utasema zimechorwa kwa rula! Akibakisha robo inchi kufika mwisho anasimama, anakata uzi, anaukunja ukanda kwenda juu upate pembe, anaushusha ulingane na upande mpya, ndo anaanza tena kutoka ukingoni. Ukanda ukiishia pia hauungi wima, anaunga kwa mshazari ili unene usirundikane pahali pamoja. Na anakanyaga pole pole, hatua za mshono ndefu kidogo kuliko za nguo, kwa sababu meno ya cherehani yanavuta kitambaa cha chini na kile kiguu cha juu kinasukuma cha juu, ukienda mbio unapata mikunjo imejaa upande mmoja. Kuna viguu maalum vinavyotembeza tabaka zote pamoja, yeye hana, ana vibanio vya kuanikia nguo na subira.

Kitambaa upeleke chako. Mfarishi wangu ni inchi 60 kwa 72, nusu mita ya pamba yenye upana wa inchi 44 ilitosha, unatoa vipande saba hapo. Mimi nilitaka ukanda utoke kwenye mapindo ya zile leso nilizokatia viraka, akayashika akayanyoosha kwenye mwanga akanirudishia, yamechakaa, akasema ukingo ndo unaanza kuliwa kwa hivyo upewe kitambaa kipya. Nikampa nyeusi. Umetoka mzuri kuliko nilivyowaza, ingawa kiraka kimoja kimebaki na jina nusu, "haba na", kibaba chenyewe kipo kwa dada yangu alikochukua upande wa pili.

Haya, nyota ya tano. Uzi. Usipopeleka wako atatumia uliopo kwenye cherehani, na mimi nilipofika alikuwa ameshapiga upande mmoja kwa uzi mweupe juu ya ukanda mweusi, mstari unang'aa barabarani huko. Alifumua bila maneno ila vile vitobo vya sindano ukiangalia karibu bado viko. Pili ni ile kesho yake. Kesho ya huyu mzee ni neno la kuagia tu, usiipangie safari ya boti. Mapazia ya mahoteli ya Shela yanatangulia, mfarishi wako unangoja chini ya benchi.

Bei alinitajia mia nane nikashusha ikawa mia sita, M-Pesa anachukua. Ukinipa huo mzunguko mzima nimalizie kwa mkono kwa mia sita sikubali. Lakini kama ni mfarishi wa kumtunza bi harusi, wa kulazwa kitandani uangaliwe, huo mimi bado nitakaa na sindano yangu, mstari ule wa nyuma mawifi watauona kabla hawajasalimia. Na kama ukingo wako ni wa mawimbi usimpelekee, huo unataka ukanda uliokatwa mshazari ili uvutike kwenye mviringo, yeye hukata wa kunyooka tu na atakwambia hivyo mwenyewe. Mkitaka wa Idi pelekeni Ramadhani haijaingia, ikishaingia ni kanzu na madera mpaka usiku na hata kukupokelea hakupokelei.