Fonti nyembamba za serifu kwa vichwa vya Kiswahili: ipi uichukue kwanza

Andika USHIRIKISHWAJI juu ya jalada la kitabu cha A5 uone. Herufi 14 kwenye karatasi yenye upana wa milimita 148, na bado hujaacha pembezoni. Ukitumia fonti ya upana wa kawaida utalikata neno katikati, au utalipunguza mpaka lionekane dogo kuliko jina la mwandishi. Kiswahili hubandika viambishi, maneno yanarefuka, na w na m zimejaa kila mahali. Kwa hiyo fonti nyembamba yenye serifu, yaani vile vikia vidogo kwenye ncha za herufi, ni kifaa cha kazi kwa yeyote anayesanifu majalada, kadi za harusi au mabango.

Kwanza nikuombe kitu kimoja: usiibane fonti ya kawaida kwa kipanya. Ukiibana, nguzo zilizosimama zinakonda huku mistari iliyolala ikibaki na unene wake ule ule. O inakuwa yai, A inakuwa hema lililochoka. Hata Apple, iliyoanza mwaka 1984 kujitambulisha kwa fonti ya Garamond iliyobanwa hadi asilimia 80 hivi ya upana wake, ilihitaji Bitstream, kampuni ya fonti, wazirekebishe zile herufi. Unachotafuta ni wembamba uliochorwa na mchoraji mwenyewe, nguzo zikiwa zimerudishiwa nyama yake.

Kabla ya kuchagua, jaribu maneno matatu. WANAWAKE litakuonyesha kama W imebanwa mpaka matundu yake yamezibika. NG'OMBE litakuonyesha ritifaa: kwenye fonti nyingi inaacha pengo, na neno moja linasomeka kama mawili. La tatu ni bei, 15,000/=, kwa sababu tarakimu zinazopanda na kushuka hupendeza ndani ya aya lakini huyumba kwenye bango.

Namba moja kwangu ni Noto Serif Display, na ni ya bure. Imechorwa kwa saizi kubwa, ina unene wa ngazi tisa, ina mlazo (italiki, herufi zilizoinama), na upana wake unashuka mpaka asilimia 62.5 ya kawaida. Maana yake neno refu na neno fupi vinaweza kukaa jalada moja kwa fonti moja, kila kimoja na upana unaokifaa. Tahadhari ni moja tu: ngazi zake nyepesi zina vistari vyembamba kama unywele. Kwa kitu cha kuchapwa mimi siendi chini ya SemiBold, yaani ngazi iliyo chini kidogo ya nzito.

Somo hilo nililipata kwa uchungu. Nilipeleka bango la mahafali kwa mchapaji mmoja, maandishi meupe juu ya damu ya mzee, kwa fonti nzuri sana ya vistari vyembamba. Kwenye skrini lilikuwa la kifahari. Lilipotoka, wino wa lile giza ulikuwa umetanuka na kumeza mikono ya F na L na daraja la H. Ukisimama mbali kidogo, HAFLA ilikuwa nguzo zimepangwa mstari. Wazazi walilipia bango ambalo hawakuweza kulisoma, na kosa lilikuwa langu la kuchagua.

Ndiyo maana namba mbili ni Roboto Serif, nayo ya bure. Haina madaha, lakini mistari yake minene na myembamba haitofautiani sana, kwa hiyo inavumilia karatasi duni, fotokopi na turubai. Upana wake unaanzia asilimia 50 mpaka 150 ya kawaida, na hiyo 50 ni nyembamba kwelikweli. Kama mteja wako ni halmashauri, kanisa au shule, iweke hii juu ya Noto.

Namba tatu, Instrument Serif. Ya bure pia, nyembamba kwa asili, na mlazo wake unafaa sana kadi za harusi na majina ya migahawa. Kasoro yake ni kwamba ina unene mmoja tu. Ukitaka nzito, hakuna.

Za kulipia nimeziweka namba nne, na pesa sio sababu pekee. ITC Garamond Condensed ina herufi ndogo zenye vimo virefu, inasomeka vizuri hata ikibanwa. Cheltenham nyembamba ina heshima ya gazeti: mwaka 2003 New York Times walihamishia vichwa vyao vya habari kwenye familia hiyo, iliyochorwa upya na mchoraji wa fonti Matthew Carter. Zinunue ukiwa na jarida au mchapishaji anayetaka sura moja kwa miaka mingi. Kwa kadi ya mchango ni hasara.

Playfair Display, ambayo karibu kila mtu anayo kwenye kompyuta yake, sijaiorodhesha, kwa sababu si nyembamba. USHIRIKISHWAJI litakwama pale pale.

Ukinunua, soma leseni. Leseni ya kompyuta kwa kawaida haikuruhusu kuipakia fonti kwenye tovuti. Hiyo huuzwa peke yake, mara nyingi kwa hesabu ya wanaotembelea kurasa. Hizi tatu za bure zina leseni huria, unaruhusiwa kuuza kadi na mabango yako bila kumlipa mtu. Zipakue mwenyewe kwenye tovuti ya Google Fonts. Fonti zinazopitishwa kwenye flashi mara nyingi zimekatwa ngazi za unene, na utagundua usiku wa kuamkia siku ya kuchapa.