Mamba Mpya, Pampu Ileile: Tathmini ya Mitumbwi ya Maji Iliyokarabatiwa Dodoma

Ukitaka jibu la haraka: nenda, lakini nenda jioni, na usirudie tiketi kwa ajili ya ukungu. Mchezo wa mitumbwi ya maji katika bustani moja ya michezo pembezoni mwa Jiji la Dodoma umefunguliwa tena baada ya ukarabati mkubwa. Mabango yanatangaza mamba anayeachama, ukungu, taa za chini ya maji na moto. Hatulitaji jina la bustani wala la mkandarasi, maana kinachopimwa hapa ni kazi. Na kazi yenyewe imegawanywa vibaya: fedha imemiminwa kwenye vinavyoonekana, huku pampu na mabomba yanayobeba mzigo wote yakiambulia rangi.

Mchezo wenyewe ni wa kawaida. Mfereji wa urefu wa mita 120, upana mita 1.5 na kina sentimita 40 unabeba mitumbwi ya faibaglasi ya watu wanne. Unapita chini ya daraja, unaingia handaki fupi, unapandishwa na mkanda, kisha unashuka kwa kishindo kwenye bwawa la mita 12 kwa 10. Kila aliyekaa mbele analowa. Tiketi ni shilingi 8,000 kwa mtoto na 12,000 kwa mkubwa.

Tuanze na kilichofanywa vizuri. Mamba ni kazi ya fundi anayejua. Mwili umejengwa juu ya jukwaa kavu kando ya mfereji, kichwa tu ndicho kinachoning'inia juu ya maji. Huo ni uamuzi wa busara, kwa sababu mitambo inayoishi ndani ya maji ni mgogoro usioisha. Universal Studios Florida, bustani ya michezo ya Marekani, walilijua hilo kwa gharama kubwa: mashua za Jaws, mchezo uliotokana na filamu ya papa, zilifunguliwa mwaka 1990, mitambo ya papa ikasumbua, zikafungwa na kujengwa upya, zikarudi kazini 1993. Taya la huyu wa Dodoma linasukumwa na silinda ya hewa yenye kipenyo cha milimita 63. Kwa presha ya baa 6, silinda hiyo inasukuma kwa nguvu inayokaribia kuinua mzigo wa kilo 190, hivyo valvu za kupunguza kasi zimewekwa pande zote mbili na taya linafika mwisho bila kugonga. Abiria akinyoosha mkono kutoka kwenye kiti hamfikii. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kasoro ya mamba iko shingoni. Ngozi ni ya silikoni, nayo inapokunjwa na kukunjuliwa mamia ya mara kwa siku huchanika palepale kwenye mkunjo. Imeshachanika, ikabandikwa kwa gundi ya fundi viatu, na kiraka kimeanza kunyanyuka kama ganda la kidonda kikavu. Silikoni haishikwi na kitu isipokuwa silikoni. Dawa ni kusafisha kwa spiriti, kuweka wavu laini wa nailoni nyuma ya mpasuko, kuziba kwa silikoni ya daraja lilelile na kuacha saa 24 bila kumtikisa mamba. Pia tenki la kompresa lifunguliwe koki ya chini kila asubuhi kumwaga maji, vinginevyo unyevu unaingia kwenye valvu na taya linaanza kugoma katikati. Na hilo tenki ni chombo cha presha, kwa hiyo cheti cha ukaguzi cha OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, kiwepo ukutani. Hatukukiona.

Sasa ukungu, ambao ndio umechapwa kwa herufi kubwa kuliko zote kwenye bango.

Pampu ya ukungu inasukuma maji kwa presha ya baa 70 hadi kwenye nozeli 80 zenye tundu la milimita 0.2. Sitini zimefungwa darajani, kwenye uwazi, na ishirini handakini. Zile za handakini ni nzuri kweli: mtumbwi unaingia kwenye weupe mzito, sauti za watoto zinapotea, taa ya kijani inatokea. Za darajani ni kiini macho. Matone ya ukubwa huo hewani pa Dodoma, saa nane mchana mwezi Septemba, hukauka kabla hujamaliza kuyanyooshea kidole, na upepo wa kiangazi unamalizia yaliyobaki. Saa kumi na mbili jioni, jua likizama na hewa ikitulia, daraja lilelile linapendeza. Hapo hakuna siri ya mitambo. Hewa kavu hunywa ukungu. Aliyechora mpango huu alikuwa na pwani kichwani.

Maji ndiyo balaa la pili. Visima vingi vya eneo hili hutoa maji magumu, kila mama mwenye birika analijua hilo. Tundu la milimita 0.2 halihitaji chokaa nyingi kuziba. Kati ya nozeli 80, kumi na nne zilikuwa zikidondosha matone kama bomba bovu badala ya kupuliza, na abiria wa miwani anashuka akiwa na vitone vyeupe kwenye vioo. Nozeli zilizoziba hazichokonolewi kwa sindano, maana sindano inapanua tundu na nozeli haitapuliza ukungu tena. Zifunguliwe, zilowekwe kwenye siki nyeupe usiku kucha, zioshwe, zipulizwe kwa hewa. Kuzuia lisirudi kunataka mtambo wa kuchuja chumvi, na kabla yake vichujio viwili, cha mikroni 5 kisha cha mikroni 1.

Wengi watasema mtambo huo ni ghali. Ni ghali ukiendesha ukungu kutwa nzima, kama wanavyofanya sasa. Nozeli moja inakunywa kama lita 0.09 kwa dakika. Themanini zinafika lita 7 kwa dakika, yaani zaidi ya lita 420 kwa saa. Wakiweka kihisi cha mwanga kinachowasha ukungu sekunde 10 tu mtumbwi unapopita, kwa mitumbwi 20 kwa saa matumizi yanashuka hadi lita 25 hivi. Hapo mtambo mdogo wa lita 50 kwa saa unatosha, ukijaza simtanki ya lita 500 usiku. Sitini za darajani ziondolewe kabisa, zitumike kama akiba ya handaki.

Kuna jambo moja katika ukungu huu ambalo halifai kusubiri kikao. Bomba la kufyonza la pampu limetumbukizwa bwawani. Watu wanavuta pumzi ya maji yaleyale yaliyoosha miguu ya abiria, na maji ya uvuguvugu wa nyuzi 25 hadi 40 ndipo bakteria wa Legionella wanaposhamiri. Wanaingia mapafuni kupitia matone madogo hasa ya aina hii, na kuleta homa kali ya mapafu. Ukungu upewe maji yake, safi, kwenye tenki lililofunikwa lisilopigwa na jua, na mabomba yamwagwe kila usiku. Mpaka hapo tunashauri wazee na wenye pumu wasipite handakini.

Twende kwenye pampu kuu. Inazungusha mita za ujazo 300 kwa saa na kuyapandisha maji mita 7. Kazi hiyo peke yake ni kilowati 5.7, kwa pampu yenye ufanisi wa asilimia 65 inakuwa karibu 8.8 kwenye shafti, ndiyo maana mota ni ya kilowati 11. Hapakuwa na ziada ya kugawia mtu. Hata hivyo mirija mipya ya kurusha maji juu ya kona ya pili imeungwa kwa ti, yaani kiungo cha njia tatu, kwenye bomba lilelile. Inapofunguka, maji ya mfereji yanapungua sentimita kadhaa, mtumbwi wenye watu wazima wanne unakwaruza sakafu, unasimama, na wa nyuma unaugonga. Mhudumu anausukuma kwa mti. Ukiwa kando unaisikia faibaglasi ikilia juu ya zege. Mirija inataka pampu yake ya kilowati 3 au 4, yenye bomba lake la kufyonza, na kifaa cha kuiwasha mota polepole ili taa zisififie.

Kosa la pili ni la kimo. Zamani pampu ilikaa shimoni, chini ya usawa wa maji, na ilifurika mvua zikinyesha. Mkandarasi akaipandisha juu ya jukwaa la zege, mita 3.5 juu ya maji. Karibu na bahari ingekubali: hewa inasukuma maji kwa nguvu ya safu ya mita 10.3, toa 3.5 za kimo, 1.5 za msuguano wa bomba na valvu ya chini, na 0.4 za mvuke, zinabaki 4.9, na pampu hii inadai 4. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa inatoa mita 9.1 tu. Hesabu ileile inaishia 3.7. Ndiyo sababu pampu inatoa sauti ya kokoto kwenye sufuria: ni mapovu ya mvuke yanayopasuka juu ya panga zake na kuzimega kidogo kidogo. Majani ya mwarobaini yakijaa kwenye chujio, hali inazidi. Irudishwe shimoni, na shimo lijengewe ukuta, mfuniko na pampu ndogo ya kutoa maji ya mvua. Kubadilisha panga bila kuishusha ni kununua panga nyingine mwakani.

Mfereji umezibwa nyufa kwa saruji tupu pale ambapo viungo vya kutanukia vilihitaji mpira wa poliyurethani, kwa hiyo unavuja. Kipimo chake hakihitaji mtaalamu: weka ndoo ya maji kwenye ngazi ya bwawa, usawa wa ndani na nje ulingane, zima pampu, subiri saa 24. Ndoo ilishuka milimita 7, ambazo ni jua na upepo. Bwawa lilishuka 19. Hizo 12 za ziada kwa eneo la mita za mraba 120 ni lita 1,440 zinazopotea kila siku, katika jiji linalotegemea visima vya Mzakwe.

Taa ni salama: za volti 12, transfoma ziko mbali na maji, kikatio cha umeme unaovuja, cha miliampia 30, kilikata kilipojaribiwa. Moto wa gesi haukuwashwa, na usiwashwe mpaka pawepo kihisi cha mwali, valvu mbili mfululizo na kitufe cha dharura karibu na mhudumu. Upepo wa hapa haucheki na mwali wa wazi.

Mitumbwi yenyewe imepakwa gelikoti (tabaka gumu la nje la faibaglasi) nzuri, ila mmoja ulizibwa ukiwa bado na unyevu na malengelenge yameshatokea ubavuni. Beringi za magurudumu ni 6204 zenye mipira pande zote, zinapatikana maduka ya spea mjini, basi hakuna sababu ya gurudumu kupiga kelele kama la mkokoteni. Mtumbwi wenye malengelenge ni namba 4. Ukipangiwa, omba unaofuata.