Kisu cha Nje cha Bei Nafuu: Kipi Kitangulie, na Kitunzwe Vipi

Mnunuzi wa kisu cha kwanza cha kambini hushawishika kwa urahisi na ukubwa. Bapa nene na zito humtia moyo anapolipima mkononi, ilhali kazi nyingi zinazomngoja ni kuchonga vigingi, kukata kamba, kutayarisha chakula na kupaa vijiti vya kuwashia moto, na katika kazi hizo bapa nene hukwama pale ambapo jembamba hupita. Kwa sababu hiyo, katika kupanga visu visivyokunjwa vya bei nafuu nimetazama kwanza unene wa bapa, kisha aina ya chuma, kisha mpini, na mwisho ala. Urembo sikuupa alama yoyote.

Nafasi ya kwanza naipa Morakniv Companion, kisu kinachotengenezwa mjini Mora, Uswidi. Kile cha chuma kisichoshika kutu kina bapa la urefu wa milimita 104 na unene wa milimita 2.5, na mpini wake wenye mpira haukutoki hata mkono ukiwa umelowa. Ubora wake mkubwa, hata hivyo, ni umbo la makali: kila upande una mteremko mmoja mpana unaoshuka moja kwa moja hadi kwenye ukali, kama ilivyo desturi ya visu vya Skandinavia, kiasi kwamba anayejifunza kunoa hulaza mteremko huo juu ya kinoo na pembe ikajipata yenyewe. Kasoro zake zipo. Chuma hakifiki mwisho wa mpini, kwa hiyo si kisu cha kupigwa kwa gogo ili kipasue magogo. Na mgongo wake umeviringwa, hivyo haukwangui vizuri kijiti cha cheche, yaani kile kijiti cha metali kinachotoa cheche za kuwashia moto kikikwanguliwa. Kasoro hii ya pili huondolewa kwa dakika chache za kuusugua mgongo kwenye kinoo kikwaruzi mpaka kingo zake ziwe kali.

Anayejua kwamba atapasua kuni mara kwa mara atafute Companion Heavy Duty, yenye unene wa milimita 3.2, au Hultafors GK ya chuma cha kaboni, yenye unene wa milimita 3. Viwili hivi naviweka pamoja katika nafasi ya pili kwa kuwa tofauti yao ni ndogo kuliko mabishano yanayoizunguka. Vyote vinavumilia kipigo zaidi, navyo vyote hukata kitunguu vibaya zaidi.

Ya tatu ni Morakniv Basic 511, ambayo kwa kawaida bei yake ni ya chini kuliko zote zilizotajwa hapa. Bapa lake la kaboni lina urefu wa milimita 91 na unene wa milimita 2 tu, na kinga yake kubwa ya vidole huwafaa wasiozoea kushika kisu, ingawa huwakera wanaochonga kwa muda mrefu. Ningemshauri yeyote anayetaka kujifunza kunoa aanze na hiki, kwa kuwa hata akikiharibu hatakuwa amepoteza kitu kikubwa.

Nafasi ya nne ni ya Condor Bushlore kutoka El Salvador, ambayo bei yake inapanda kidogo. Chuma chake kinapita hadi mwisho wa mpini wa mbao, nayo ala ni ya ngozi. Kimeundwa kwa chuma cha 1075; tarakimu mbili za mwisho katika majina ya namna hii huonyesha kiasi cha kaboni, yaani takriban asilimia 0.75, wakati 1095 ina takriban asilimia 0.95. Kaboni ikizidi, chuma huweza kuwa kigumu zaidi na kushika ukali kwa muda mrefu, ila huwa mwepesi zaidi wa kumeguka. Bushlore ni imara, lakini ni kizito kwa mtu anayetembea siku nzima.

Kuna visu ambavyo sivipi nafasi kabisa: vile vyenye mpini wa uwazi ndani, dira kwenye kifuniko na meno ya msumeno mgongoni. Penye kiungo cha bapa na mpini ndipo vinapovunjika, na msumeno wenyewe haukati mti.

Kuhusu kutu, jina la chuma kisichoshika kutu lisimdanganye mtu. Kromiamu iliyomo, ambayo huanzia takriban asilimia 10.5, huichelewesha kutu, haiizuii milele. Chuma cha kaboni kinahitaji uangalifu zaidi: baada ya kukata nyama au matunda hubadilika rangi kuwa kijivu au samawati, na rangi hiyo si ugonjwa, kinachopaswa kuondolewa ni kutu nyekundu, kwa mafuta kidogo na sifongo ngumu. Kifutwe kikauke kila baada ya kazi, kisha kipakwe mafuta ya madini yasiyo na harufu, si mafuta ya kupikia, ambayo baada ya muda hunata na kuchacha.

Kinoo cha chembe 1000 kinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi; namba ikiwa ndogo, kinoo huwa kikwaruzi zaidi. Kile cha 400 kitumiwe tu bapa likiwa limepata mapengo. Paka wino wa kalamu kwenye mteremko, usugue mara chache, na utazame wino ulipobaki, kwani hapo ndipo kinoo hakijagusa. Nilipoteza jioni kadhaa nikinoa pembe isiyo sahihi kabla ya kuzingatia jambo hili dogo. Endelea upande mmoja mpaka uhisi kiukingo chembamba cha chuma kilichojikunja upande wa pili, geuza, kisha umalizie kwenye ukanda wa ngozi, ukivuta kwa kutanguliza mgongo. Vinoleo vya kuvuta bapa katikati ya vijiwe viwili huharibu mteremko mpana wa Skandinavia, na mashine ya kunolea isiyopozwa kwa maji inaweza kuchoma ncha ya makali na kuondoa ugumu wake.

Kisu kisihifadhiwe ndani ya ala ya ngozi kwa wiki nyingi, kwa kuwa ngozi hunyonya unyevu na kuukumbatisha kwenye bapa. Ala ya plastiki ioshwe na kukaushwa ikiwa imeelekezwa mdomo chini, maana mchanga ulionasa ndani hukwaruza makali kila kisu kinapoingia na kutoka.