Puti ya Saruji au Skimu ya Jipsamu: Ipi Inafaa Ukuta wa Bafu?

Karibuni, watazamaji. Leo ninachambua bidhaa mbili zinazotumika kulainisha ukuta kabla ya kupaka rangi, yaani skimu ya jipsamu na puti ya saruji nyeupe. Sebuleni zote mbili hufanya kazi nzuri, lakini bafuni, ambako mvuke hutanda kila siku na maji hurukia kuta, tofauti yake hujitokeza haraka. Niseme mapema kwamba kwa bafu mimi ninachagua puti ya saruji, ingawa jipsamu ndiyo inayofurahisha zaidi kuitumia.

Jipsamu husambaa chini ya mwiko kama siagi, na mtu asiye fundi anaweza kupata ukuta ulionyooka kwa tabaka mbili zenye unene wa milimita 2 hadi 3 kwa jumla. Taabu yake ni muda: ikishakorogwa huanza kushika, na ukijaribu kuilegeza kwa kuongeza maji unaiharibu. Korogeni kidogo kidogo, mkitia unga kwenye maji safi na si maji kwenye unga, na ndoo ioshwe kila mara, kwa sababu mabaki yaliyokauka huharakisha mchanganyiko mpya kuganda.

Sasa tazameni vipande hivi viwili vya plasta, kimoja kimepakwa jipsamu na kingine puti ya saruji, vyote vikiwa vimelowekwa majini tangu jana. Ninapokwaruza cha jipsamu, ukucha unachimba mfereji na uji mweupe unabaki kidoleni. Kwenye cha saruji ukucha unateleza na kuacha mstari hafifu tu. Sababu ni kwamba jipsamu huyeyuka kidogo majini, takriban gramu 2 kwa kila lita, na ingawa kiasi hicho ni kidogo, ukuta unaolowana mara kwa mara bila kupata nafasi ya kukauka hulegea hatimaye na kuangusha rangi. Juu kabisa, karibu na dari, ambako hufika mvuke tu na dirisha linafunguka, jipsamu iliyofunikwa kwa rangi nzuri inaweza kudumu.

Puti nayo ina masharti yake. Ukuta lazima ulowanishwe kidogo kabla ya kupaka, la sivyo plasta kavu hunyonya maji ambayo saruji inayahitaji ili ikomae, na puti hubaki ikipukutika kama vumbi. Tabaka liwe jembamba. Mashimo makubwa yazibwe kwanza kwa plasta ya kawaida, kwa kuwa puti iliyorundikwa hupasuka. Kuisugua kwa msasa ni kazi ngumu kuliko jipsamu, hasa ikishakomaa, kwa hiyo juhudi kubwa iwekwe kwenye mwiko ili msasa ubaki na kazi ndogo. Vaeni barakoa wakati wa kusugua, maana vumbi hilo halifai kuingia mapafuni.

Jambo ambalo maelezo yaliyoandikwa kwenye mfuko wa bidhaa mara nyingi hulipitia juujuu ni ukuta wa zamani. Msipake puti ya saruji moja kwa moja juu ya jipsamu, kwa sababu penye unyevu hivyo viwili huingiliana na kuunda fuwele zinazovimba, na tabaka la juu hubanduka vipande vipande. Ama mkwangue jipsamu yote, ama mtumie praima, yaani rangi ya msingi, inayotenganisha. Rangi ya mafuta inayong'aa nayo ikwanguliwe, na ukungu uuawe kwa dawa, usifichwe.

Hata hivyo, hakuna kati ya bidhaa hizi inayozuia maji kupenya. Sehemu ya bomba la mvua inahitaji dawa ya kuzuia maji na vigae, na hapo msipake skimu wala puti kabisa. Gundi ya vigae inataka kushika plasta imara yenye mkwaruzo, si uso uliolainishwa.

Kwa upande wa rangi, saruji mbichi ina alkali kali inayoweza kubabua rangi na kuifanya ibanduke. Iacheni ikauke kikamilifu, kisha pakeni praima inayostahimili alkali, halafu rangi ya bafu inayooshika. Mahali ambapo ukuta uliopakwa unakutana na vigae, zibeni kwa silikoni baada ya rangi kukauka, kwa sababu silikoni ikitangulia, rangi haitashika juu yake.