Daftari la mawazo au muda wa wasiwasi?

Ni njia mbili za kukabiliana na mawazo ya wasiwasi. Daftari, yaani kuliandika wazo na kulipima, hufaa wazo likiwa moja na linauma: "Bosi hajajibu meseji, atanifukuza." Chora safu nne: tukio, wazo na unaliamini kwa asilimia ngapi, ushahidi wa pande zote mbili, wazo jipya linaloendana na ushahidi huo. Pima tena unavyoliamini wazo la kwanza. Ikishuka kutoka 90 hadi 50, si haba. Wengi hukwama kwenye ushahidi, wakiandika hisia ("naona tu hanipendi") badala ya jambo lililotokea. Na "kila kitu kitakuwa sawa" usiandike. Akili haidanganyiki kirahisi hivyo.

Wasiwasi ukirukaruka toka jambo hadi jambo, tumia muda wa wasiwasi: tenga dakika 15 za jioni za kuyawaza hayo, ila si kitandani. Wasiwasi ukija mchana, andika neno moja tu, uuahirishe hadi jioni. Njia hii ni nyepesi, lakini haipimi ukweli wa wazo. Likirudi lilelile kila jioni, lihamishie kwenye daftari.